Nilisoma HKL, sasa niko kwenye kozi ya anatomia na seli zinanitoa jasho

Binti_Pangani

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili kwa taaluma, mtu wa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza. Ukinipa tarbia nakuonesha vina vya kati na vya mwisho huku nakunywa chai. Sasa hivi niko Ohio, Marekani, nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, zamu ya usiku, na nimeamua kusomea uuguzi. Kabla hujapokelewa kwenye uuguzi wenyewe lazima upite Anatomia na Fiziolojia ya Kwanza, na chuo changu wanataka angalau C. Nilidhani anatomia ni mifupa na misuli. Mifupa naimudu, ni majina, na majina hayanisumbui. Kumbe mifupa iko mbele huko! Wameanza na kemia, sasa ni seli, na mtihani wa seli ni mwisho wa mwezi huu.

Sayansi yangu ni hii: fizikia na kemia niliziaga kidato cha pili. Baiolojia nilikwenda nayo mpaka kidato cha nne kwa kuwa ni lazima, nikaambulia D. Hadubini ya shule yetu ilikaa kabatini, na ufunguo wa kabati alikuwa nao mkuu wa shule.

Natoka kazini saa moja na nusu asubuhi, naoga, natandaza madesa mezani, nasoma: mitokondria hutoa nishati, lisosomu humeng'enya taka, Golji hufungasha. Kesho yake ukiniuliza Golji ni nini nakujibu ni Mtaliano. Yanayonishinda hasa ni sodiamu na potasiamu, yaani nani yuko nje, nani yuko ndani na inanihusu nini. Halafu habari ya maji kuhamia kwenye chumvi. Halafu DNA kuwa RNA kuwa protini, hapo ndipo nafunga daftari kabisa.

Je, ni lazima nirudi nikasome sayansi ya kidato cha kwanza upya? Na katika sura yote hii, yapi nishike kwa mikono miwili na yapi niyapitie juu juu? Naomba Kiswahili cha kawaida. Kiingereza ninacho, ila kitu kigumu huwa nakielewa kwanza kwa lugha yangu.

Mtoto_wa_Kilosa

Dada usijitese kuelewa. Organeli, yaani vile vijisehemu vya ndani ya seli, zenyewe hazifiki ishirini. Andika kadi, mbele jina nyuma kazi yake, meza zote, siku ya pepa tapika. Wote tumepita hivyo hivyo.

Muuguzi_wa_Figo

Huyo wa kumeza na kutapika atakuvusha mtihani wa seli, halafu atakuacha peke yako kwenye neva, misuli, moyo na figo. Huko kote mambo ya utando wa seli yanarudi, na mwalimu atayataja haraka akiamini ulishayaelewa. Kadi tengeneza, sikatai. Lakini kadi haikuambii kitu kimoja kinaleta kipi.

Mimi niko Mombasa, kitengo cha kusafisha damu, wagonjwa wa figo. Kwa hiyo nina upendeleo wangu na siufichi: katika sura ya seli, cha kushika kwa mikono miwili ni utando na vile vinavyopita kwenye utando. Mengine mengi yatakuja yenyewe.

Hebu tuanze jikoni. Mgonjwa wa figo tunamwambia viazi, muhogo na ndizi mbichi avimenye, avikate vipande vidogo, avichemshe kwa maji mengi, kisha yale maji ayamwage. Asiyafanye mchuzi. Sababu ni kwamba kiazi ni seli tupu, na seli hai, iwe ya kiazi au yako wewe, huweka potasiamu ndani. Moto unaharibu utando, potasiamu inatoka na kuingia majini, na ukimwaga maji umeimwaga nayo. Figo zisizofanya kazi haziwezi kuitoa potasiamu ipasavyo. Mgonjwa akivila viazi pamoja na mchuzi wake wote, inapanda kwenye damu, na ikipanda sana moyo unaweza kusimama. Madafu pia tunayakataza kwa sababu hiyo hiyo, na huku pwani kumkataza mzee dafu ni kutafuta ugomvi, wallahi.

Sasa tia nambari. Potasiamu katika damu ya mtu mzima mwenye afya ni kama 3.5 hadi 5.0, hesabu ya milimoli kwa lita. Ndani ya seli ni kama 140. Sodiamu ni kinyume chake: nje 135 hadi 145, ndani kama 10 hadi 15. Hizi ndizo za kukariri, na utaziona kwenye faili za wagonjwa mpaka ustaafu.

Tofauti hiyo haijiweki. Kwenye utando kuna protini inayoitwa pampu ya sodiamu na potasiamu. Inatoa sodiamu tatu, inaingiza potasiamu mbili, na kila mzunguko inatumia molekuli moja ya ATP, ambayo ndiyo inayobeba nishati ya seli. ATP nyingi inatengenezwa kwenye mitokondria, kwa chakula na oksijeni.

Twende kazini kwako usiku. Mnawageuza wazee kila baada ya saa mbili, sivyo? Mzee akilalia upande mmoja muda mrefu, nyama iliyo kati ya mfupa na godoro inabanwa, hasa nyongani, kisiginoni na pale chini ya kiuno mfupa ulipochomoza. Mishipa midogo inabanwa, damu haipiti, oksijeni haifiki. Mitokondria haziwezi kutoa ATP ya kutosha. Pampu inazorota. Sodiamu inaingia na haina wa kuitoa, maji yanaifuata, seli inavimba, na hali ikiendelea utando unapasuka. Kidonda kinaweza kuanza huko chini kabla wewe hujaona lolote juu ila wekundu usioondoka ukiubonyeza. Na kwa mtu mweusi hata huo wekundu mara nyingi huuoni, utapapasa joto, ubaridi au ugumu wa ngozi. Sasa soma tena aya hii kisha funga simu uisimulie kwa sauti, mwanzo mpaka mwisho. Ukiweza, utando, pampu, ATP, mitokondria na kuhama kwa maji vyote umevishika kwa mkupuo mmoja, na unavijua kwa kazi unayoifanya kila usiku.

Ya maji na chumvi ni fupi. Dripu ya chumvi ya kawaida ni asilimia 0.9, yaani gramu 9 kwa lita. Hatumtilii mtu maji matupu mshipani, kwani maji yataingia ndani ya chembe nyekundu, zivimbe, zipasuke. Ukizitia kwenye chumvi kali zinanywea. Maji huelekea upande ambao vitu vilivyoyeyuka ni vingi zaidi, kama vitu hivyo haviwezi kuvuka utando. Hiyo sehemu ya "haviwezi kuvuka" usiiruke, ndiyo wanayotegea kwenye mtihani.

Kidato cha kwanza usirudi. Kemia unayoihitaji sasa ni ndogo: chumvi ikiyeyuka hugawanyika kuwa ayoni zenye chaji, mafuta na maji havichanganyiki, na utando kwa sehemu kubwa ni mafuta, ndiyo maana ayoni haziwezi kujipitia tu bila protini, na pH usome uelewe kipi ni asidi kipi si asidi. Kama kitabu cha chuo ni ghali, OpenStax wana kitabu cha anatomia na fiziolojia bure mtandaoni. Sura ya 2 ni kemia, ya 3 ni seli.

Mwl_Baiolojia_Moro

Mwalimu mwenzangu, dada wa figo ameshasema habari ya utando, mimi nichukue hapo unapofunga daftari. Nafundisha baiolojia Morogoro, na wanafunzi wangu nao husinzia hapo hapo. Siwalaumu. Tunawaanzishia majina marefu ya vimeng'enya wakati tungeanza na mgonjwa.

Chukua mtoto mwenye selimundu. Ukiwa mwalimu Tanzania lazima umewahi kuwa naye darasani, yule anayekosa vipindi kwa maumivu ya mifupa na macho yake yana umanjano.

DNA, yaani maelekezo ya kutengeneza protini, huandikwa kwa herufi nne, A, T, G na C, na seli huzisoma tatu tatu. Kila tatu huita asidi amino moja, yaani tofali moja la kujengea protini. Wewe mtu wa mizani hutapata taabu, ni kuhesabu kama unavyohesabu silabi za kipande. Kwenye jeni ya beta globini, mnyororo mmojawapo wa hemoglobini, ile protini ya chembe nyekundu inayobeba oksijeni, pale pa asidi amino ya sita panatakiwa kusomeka GAG. Kwa mwenye selimundu panasomeka GTG. Imebadilika herufi moja tu. GAG huita asidi ya glutamiki, ambayo ina chaji na inapenda maji. GTG huita valini, ambayo haina chaji na inayakwepa maji. Mnyororo huo una asidi amino 146, nyingine zote ziko mahali pake. Lakini hemoglobini hiyo ikishaachia oksijeni, molekuli zinanatana na kujipanga kuwa nyuzi, nyuzi zinaivuta chembe nyekundu mpaka inapinda umbo la mundu, inakwama kwenye mishipa midogo, na mtoto analia usiku kucha. Chembe ya kawaida huishi kama siku 120. Hiyo iliyopinda huishi kama 10 hadi 20, kwa hiyo damu haimtoshi.

Na kwa kuwa ulisoma historia: mwaka 1949 Linus Pauling na wenzake walipitisha hemoglobini ya wagonjwa kwenye umeme wakaona inasafiri tofauti na ya watu wengine. Baadaye, miaka ya 1950, Vernon Ingram akaonesha kwamba tofauti ni hiyo asidi amino moja. Glutamiki ina chaji, valini haina. Ungetarajia zisafiri sawa?

Hatua zenyewe sasa. DNA haitoki kwenye kiini. Inanakiliwa kuwa RNA mjumbe, T ikiandikwa U, na nakala ndiyo inayotoka kwenda saitoplazimu, yale majimaji ya seli nje ya kiini. Ribosomu, kiwanda cha protini, inaisoma tatu tatu. RNA hamishi inaleta asidi amino inayohusika, zinaungwa moja baada ya nyingine, basi. Vimeng'enya vya kunakili utavisoma ukishakuwa na picha hii, siyo kabla.

Kuhusu yule Mtaliano wako, jiulize swali moja tu: protini hii inakwenda wapi? Hemoglobini inabaki humo humo ndani ya seli, kwa hiyo inatengenezwa na ribosomu zinazoelea kwenye saitoplazimu. Insulini inatoka nje kwenda kwenye damu. Kwa hiyo kwenye seli za kongosho ribosomu zinakaa juu ya retikulamu yenye mikwaruzo, yaani mtandao wa vijifereji vya utando ndani ya seli, mnyororo unaingizwa ndani yake, unapelekwa Golji, unafungashwa kwenye vifuko, na sukari ikipanda vifuko vinaungana na utando na kumwaga insulini nje. Ukiona seli imejaa retikulamu ya mikwaruzo na Golji kubwa, jua hiyo inauza nje. Walimu wanapenda sana kutungia swali hapo.

Jingine wanalolipenda: chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini wala mitokondria. Ilipokuwa changa kwenye uboho ilitengeneza hemoglobini yake, kisha ikakitoa kiini. Haiwezi kugawanyika. Ikizeeka inavunjwa, uboho unaleta nyingine.

Ukimaliza, chukua karatasi tupu, funika desa, chora njia ya insulini kutoka kwenye kiini mpaka kwenye damu, uandike maneno yako kwa Kiswahili, halafu juu yake kwa kalamu nyingine uandike majina ya Kiingereza ambayo mtihani utayataka. Ulichoshindwa kuchora ndicho cha kusoma kesho. Kupaka rangi desa zima kwa kalamu ya njano siyo kusoma, hata wanafunzi wangu nawaambia.

Jirani_Temeke

Kumbe! Sisi mzee alikatazwa madafu tukasema daktari ana roho mbaya. Alikuwa anatoroka kwenda kunywa kwa muuzaji pale barabarani, na muuzaji anamwekea kabisa.

Swali pembeni kidogo, samahani mwenye uzi. Kama maji yanafuata chumvi, kwa nini ile ORS ya kuharisha wanaweka na sukari? Si chumvi peke yake ingetosha?

Muuguzi_wa_Figo

Huyo muuzaji mtafutie maneno.

Swali lako liko ndani ya mada kabisa. Kwenye utumbo mdogo kuna protini ya utando inayopitisha sodiamu na glukosi kwa pamoja, moja hainogi bila nyingine. Ukitoa chumvi peke yake kwa anayeharisha sana, sodiamu nyingi inabaki utumbo na maji yanabaki nayo, yanatoka. Ukiongeza glukosi, mlango huo unafanya kazi, sodiamu inaingia, maji yanafuata. Hata kwenye kipindupindu mlango huo unakuwa bado mzima, ndiyo maana kikombe na kijiko vinaokoa watu. Mchanganyiko wa WHO wa tangu 2002 una gramu 2.6 za chumvi na gramu 13.5 za glukosi kwa lita, pamoja na potasiamu na sitrati. Ukizidisha sukari kwa kupenda utamu, unarudi kule kule: utumbo unajaa vitu vilivyoyeyuka, maji yanavutwa kuingia utumboni, kuharisha kunazidi.

Binti Pangani, andika hilo nalo. Hapo hapo pampu inahusika tena, maana sodiamu iliyoingia kwenye seli ya utumbo hutolewa upande wa pili, wa damu, kwa pampu ile ile ya tatu kwa mbili.

Binti_Pangani

Nimesoma yote haya kwenye mapumziko ya saa nane usiku, chai imepoa. Mwalimu wa Moro, Mungu akuweke. Nimechora njia ya insulini nyuma ya karatasi ya ratiba ya wodi, nikakwama kwenye vifuko tu. Na dada wa figo, leo nilipomgeuza bibi mmoja nilishika kisigino chake nikajikuta nasema kimoyomoyo, sodiamu imeingia, maji yamefuata. Mwenzangu wa zamu akaniuliza nasali?

Imebaki mgawanyiko wa seli. Zile hatua za mitosisi nizishike kiasi gani? Na mnipe swali moja la kunijaribu, kabla mkufunzi hajanijaribu.

Mwl_Baiolojia_Moro

Mitosisi: ujue kabla ya kugawanyika DNA inanakiliwa, kromosomu 46, kila moja inakuwa na nakala mbili zilizoshikana. Zinajipanga katikati, nyuzi zinazivuta nakala pande mbili, viini viwili, seli mbili zenye 46 kila moja. Majina ya hatua kariri, hapo Mtoto wa Kilosa yuko sahihi, hakuna cha kuelewa kwenye jina. Ila uijue vinkristini, dawa ya saratani: inaharibu hizo nyuzi zisijengeke, seli inayogawanyika inakwama katikati. Dawa nyingi za saratani hupiga seli zinazogawanyika haraka, ndiyo sababu mgonjwa anapukutika nywele na kupata vidonda mdomoni.

Swali la kujaribu namwachia dada.

Muuguzi_wa_Figo

Haya. Damu imechukuliwa kwa sindano nyembamba, aliyechukua alivuta kwa nguvu. Maabara wanapiga simu: potasiamu 6.9. Mgonjwa amekaa kitandani anakula wali, mapigo ya moyo yako sawa, kipimo cha umeme wa moyo hakina tatizo, na figo zake ni nzima. Maabara wanaongeza kwamba yale maji ya juu kwenye chupa yana wekundu. Nini kimetokea? Na sodiamu ya sampuli hiyo unadhani itakuwaje?

Binti_Pangani

Chembe nyekundu zimepasuka kwenye sindano. Wekundu ni hemoglobini iliyomwagika. Potasiamu iliyokuwa ndani, ile 140, imemwagikia kwenye maji ya damu, kwa hiyo 6.9 ni ya chupa, siyo ya mgonjwa.

Sodiamu haitapanda. Ndani ya chembe ipo kidogo, kwa hiyo kilichomwagika hakina sodiamu ya kuongeza. Ikibadilika labda itashuka kidogo?

Muuguzi_wa_Figo

Ndiyo, kidogo tu, kama chembe nyingi zimepasuka. Unachukua damu upya, sindano pana kidogo, bila kuvuta kwa nguvu, na humpi mgonjwa dawa ya kushusha potasiamu mpaka majibu ya pili yaje. Sasa fungua sura ya tishu, anza na epithelia.